Fleti ya Ilboru katikati ya miti: kabla hujalipa kodi ya miezi sita

SWALI: Nahamia Arusha kikazi kutoka Dar es Salaam, nitakuja na mwanangu wa miaka minne. Dalali amenitumia picha za fleti ya vyumba viwili Ilboru, ghorofa ya chini. Mtaa umetulia na nyuma kuna miti kama msitu. Maji ni ya kisima. Mwenye nyumba anataka dola 300 kwa mwezi, miezi sita kwa mkupuo, na dalali anataka kodi ya mwezi mmoja. Kazini kwangu ni karibu na Mnara wa Saa. Nimechoka na kelele za Tabata, kwa kweli nimeipenda kwa picha tu. Nilipe? Niangalie nini?

JIBU: Usitume hela bado, dada. Sisemi fleti ni mbaya. Ilboru ni pazuri kweli, na mtu aliyechoshwa na spika za baa ana kila sababu ya kupapenda. Ila ulichokipenda kwenye zile picha ni miti na utulivu, na hivyo viwili mwenye nyumba hana cha kukupangisha. Yeye anakupangisha vyumba viwili, sebule, jiko na choo. Miti iliyo nyuma ya ukuta ina mwenyewe, na utulivu uko mikononi mwa majirani. Nasimamia nyumba za kupangisha hapa Arusha, na wapangaji ninaowaona wakihama mitaa hii ya juu kabla ya mkataba kwisha, mara nyingi nyumba haijawakosea kitu. Wanahama kwa sababu ya kilichobadilika nje ya ukuta, au kwa sababu ya maji.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama jiko lina makabati, muulize dalali: ile miti ni ya nani?

Sehemu kubwa ya Ilboru iko Halmashauri ya Wilaya ya Arusha, si Jiji, na ardhi nyingi huko ilianza kama mashamba ya koo: migomba, kahawa, miparachichi, na mstari wa migrivea mpakani. Kinachoonekana kwenye picha kama msitu, mara nyingi ni shamba la mzee fulani. Mzee akigawia watoto, mmoja atajenga na mwingine atauza kipande chake, na aliyenunua hakununua ili atazame migomba. Ujenzi ukianza, malori ya mchanga na kokoto yanapita dirishani kwako, mafundi wanaingia saa moja asubuhi, na jengo la ghorofa haliishi kwa mwezi mmoja. Migrivea nayo haipandwi kwa kivuli tu. Ni mbao na ni kuni, na siku mwenyewe akikosa ada ya shule, fundi wa msumeno anaitwa na kufikia jioni unatazama ukuta wa jirani.

Miti ikiwa kandokando ya mto, hesabu inabadilika. Themi, Naura, Ngarenaro na Burka zinashuka kutoka Mlima Meru na kupita katikati ya makazi, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Watu wanaivunja, tunaona. Hata hivyo miti ya kando ya mto ndiyo yenye nafasi kubwa ya kuwepo mwakani kuliko ile iliyo kwenye shamba la mtu. Lakini hapo geuka uitazame nyumba yenyewe: nayo iko umbali gani na mto? Kama iko ndani ya hizo mita 60, wewe ndiye utakuwa kwenye matatizo, si miti. Pitia ukuta wa nje taratibu utafute alama ya X nyekundu ya kubomolewa, au mahali ambapo rangi mpya imepakwa kipande kidogo tu bila sababu.

Majibu ya haya yote dalali hana, au anayo na hayasemi. Nenda kwa mwenyekiti wa eneo lile, au kwa balozi wa nyumba kumi. Mashamba yasiyo na hati yanauzwa mbele ya viongozi hao, kwa hiyo kama kuna kipande kinachozungumziwa, wamesikia. Uliza kwa adabu, jitambulishe kwamba unataka kuhamia. Hata hivyo utakwenda kuandikishwa kwao ukishahamia. Ni afadhali wakufahamu mapema.

Sasa maji. Hapa naomba unisikilize kuliko mahali pengine popote, kwa sababu una mtoto wa miaka minne.

Maji ya chini ya ardhi katika eneo hili la Meru yana floraidi, kwa sababu ya miamba ya volkano yanamopita. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja, na kiwango cha Tanzania sasa ni hicho hicho. Zamani tuliruhusu hadi 4. Vipo visima huku ambavyo vinapita hapo kwa mbali. Yale meno ya kahawia ambayo watu wa Dar wanatutambua nayo hayatokani na uchafu wala na kutopiga mswaki. Meno ya ukubwani yanajengeka ndani ya ufizi mtoto akiwa bado mdogo, mpaka karibu miaka minane, na floraidi ikizidi katika miaka hiyo inaharibu jino kabla halijaota. Likishaota hivyo, halirudi. Mwanao yuko katikati kabisa ya umri huo. Wewe mwenyewe meno yako yameshamaliza kujengeka, ingawa kunywa maji yenye floraidi nyingi kwa miaka mingi kunaumiza mifupa hata ya mtu mzima.

Kuchemsha hakusaidii. Maji yanapungua, floraidi inabaki, kwa hiyo yaliyobaki yana floraidi nyingi zaidi kwa kila lita kuliko yalivyotoka bombani. Chujio la kawaida la mshumaa nalo haliigusi. Vinavyoiondoa ni vichujio vya mkaa wa mifupa, ambavyo kituo cha utafiti cha Ngurdoto hapa mkoani kimevifanyia kazi kwa miaka, na mitambo ya kuchuja kwa mgandamizo kama ile ya viwanda vya maji ya chupa. Na usifikirie maji ya kunywa peke yake. Uji wa mtoto, chai, ugali na maharage vyote vinabeba yale maji. Magadi ya kulainishia maharage na makande nayo yana floraidi, kwa hiyo nyumba yenye mtoto mdogo Arusha haiyahitaji kabisa. Kuoga na kufua hakuna shida.

Mwombe mwenye nyumba karatasi ya majibu ya maabara ya kisima chake. Wenye visima makini wanayo. Tafuta jina la maabara, tarehe, na mstari wa floraidi. Akikwambia "haya maji ni matamu, tunakunywa miaka yote," hilo si jibu, kwa sababu floraidi haina ladha, na kisima cha jirani yake kinaweza kuwa na kiwango tofauti kabisa. Kama karatasi haipo, chukua chupa safi ya plastiki, si ya kioo, isuuze mara tatu kwa maji yale yale ya bombani, ijaze, andika mahali na tarehe, upeleke maabara ya maji. Gharama yake ni ndogo mno ukiilinganisha na dola 1,800. Fleti yenye mita ya AUWSA, mamlaka ya maji ya Arusha, pamoja na kisima ni bora zaidi, ingawa na maji ya AUWSA uliza yanatoka chanzo kipi na yamepimwa lini. Na kama majibu ya kisima ni mabaya lakini nyumba umeipenda, inawezekana kukaa, mradi ukubali kwamba maji ya kunywa na kupikia utayanunua kwa madumu kila wiki, na gharama hiyo uihesabu kama sehemu ya kodi.

Umesema ghorofa ya chini, miti nyuma. Mtu wa Dar akisikia kivuli anafurahi, maana kule kivuli ni neema. Arusha mjini ni takriban mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, Ilboru iko juu zaidi, na kati ya Juni na Agosti tunavaa sweta ndani ya nyumba. Miezi hiyo jua linapita upande wa kaskazini, na kwetu kaskazini ni rahisi kuijua kwa sababu ndiko ulipo Meru. Kwa hiyo ingia chumba cha kulala, uliza mlima uko wapi. Dirisha linaloutazama mlima bila kuzibwa na miti litapata jua wakati wa baridi. Dirisha linaloutazama mji, au linaloutazama mlima lakini mbele yake kuna ukuta wa miparachichi, halitapata. Chumba kisichopata jua kuanzia Mei hadi Agosti, godoro linakuwa na unyevu, viatu vya ngozi vinaota ukungu wa kijani, na nguo zilizokunjwa kabatini zinatoa harufu hata kama zilifuliwa vizuri. Kwa mtoto mwenye kifua hilo si jambo dogo.

Unyevu hauonekani kwenye picha, lakini mkono na pua vinaukamata. Fungua kabati la ukutani, ingiza kichwa, nusa. Weka kiganja kwenye ukuta wa nyuma wa kabati, kisha kwenye ukuta wa katikati ya chumba, uone kama kuna tofauti ya ubaridi. Vuta pazia uangalie pembe za chini. Ukuta uliopakwa rangi mpya kutoka sakafuni hadi usawa wa goti tu, huku juu rangi ni ya zamani, unaficha kitu. Toka nje utazame mfereji wa bati: chini ya miti majani yanaziba mifereji, maji ya mvua yanafurika na kuteremka ukutani, na wewe wa chini ndiye unayeyapokea. Jambo hili sheria imelisemea. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 88, inasema anayepangisha sehemu ya jengo ana wajibu wa kutunza paa, kuta za nje, mifereji mikuu na njia za pamoja. Kwa hiyo mfereji ukiziba si kazi yako wala ya mpangaji wa juu. Ni kazi yake, hata kama mkataba haukusema.

Utulivu ufuate kwa saa zake. Mtaa wowote umetulia saa nne asubuhi siku ya Jumanne, na ndio wakati ambao madalali wanapenda kuonyesha nyumba. Nenda Jumamosi usiku kuanzia saa tatu. Nenda Jumapili asubuhi. Uliza kama kuna kanisa lenye mikesha, ukumbi wa sherehe, karakana ya kuchomelea vyuma. Halafu kuna kelele moja ya Arusha ambayo mgeni hafikirii kuiuliza: kampuni za utalii. Wanapenda mitaa hii hii ya miti na nyumba zenye viwanja vikubwa kwa ajili ya kuegesha magari, na msimu wa watalii ukianza Juni, Land Cruiser kadhaa zinawashwa na kupashwa moto saa kumi na moja alfajiri, huku vijana wanafunga mahema juu ya magari na kuitana. Geti lenye magari ya safari likiwa jirani na chumba cha mtoto, fikiria mara mbili.

Wadudu na wanyama nawapitia haraka kwa sababu wanazoeleka. Siafu wataingia baada ya mvua, hasa ghorofa ya chini. Usiwakanyage ukiwa peku, mwaga majivu mlangoni. Tumbili wanaiba ndizi, weka nyavu ngumu dirisha la jikoni. Majani makavu yasirundikane karibu na mlango, kwa sababu ya nyoka.

Barabara sasa. Kazini kwako ni karibu na Mnara wa Saa, na kutoka Ilboru lazima uvuke barabara kuu ya Moshi hadi Namanga. Asubuhi pale panasongamana. Vifodi, ndivyo tunavyoziita zile daladala ndogo, vinafika sehemu za Ilboru, lakini huenda fleti yako iko mbali na kituo, na usiku utategemea bodaboda au bajaji. Ipite ile njia kwa miguu kutoka kituoni hadi mlangoni. Halafu muulize mwenye duka la jirani, si dalali, njia inakuwaje mwezi wa Aprili. Udongo wetu ukilowa unateleza vibaya, na kwenye mteremko gari dogo linagoma. Kubwa zaidi ni makorongo. Maji yanatoka mlimani kwa nguvu hata kama mvua haikunyesha pale ulipo. Aprili 2024 gari la wanafunzi lilisombwa na maji hapa Arusha na watoto wakafariki. Kama kutoka nyumbani kwenda shule ya mwanao kuna mahali maji yanapita juu ya barabara, tafuta nyumba nyingine au shule nyingine. Hapo sina mashauriano.

Tuje kwenye hela. Kwanza dola. Tangu Machi 2025 kuna kanuni zinazokataza bei za bidhaa na huduma hapa nchini kutajwa au kulipwa kwa fedha za kigeni, na kodi ya nyumba imo. Mwambie kwa upole akutajie kwa shilingi, iandikwe kwa shilingi, na isifungwe kwenye thamani ya dola ya siku ya malipo. Desturi ya dola hapa Arusha ilikuzwa na wafanyakazi wa mahakama na mashirika ya kimataifa waliolipwa kwa dola. Wewe mshahara wako ni wa shilingi.

Miezi sita kwa mkupuo ni desturi ya soko, si amri ya sheria. Omba mitatu. Wengi watakataa, wachache watakubali, hasa fleti ikiwa imekaa wazi muda mrefu. Angalia vumbi kwenye masinki utajua. Akikataa kabisa, kuna kipengele kimoja ambacho ningekipigania kuliko punguzo la bei. Kiandikwe hivi au karibu na hivi: "Mpangaji anaweza kusitisha mkataba huu kwa notisi ya maandishi ya siku 30, na mpangishaji atamrudishia kodi yote ya miezi ambayo hajakaa ndani ya siku 14 tangu kukabidhi funguo." Shamba la jirani huwezi kulizuia lisijengwe, na migrivea ya mtu huwezi kumkataza asiikate. Unachoweza ni kuhakikisha kwamba siku utulivu ukiisha, hela yako haijafungiwa humo. Ongeza na sentensi moja kwa miti iliyo ndani ya ukuta wake: isikatwe bila kukujulisha, isipokuwa iliyo hatari kwa watu au jengo. Mkataba ukishasainiwa ulipiwe ushuru wa stempu TRA, asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Watu wengi wanaruka hatua hii, halafu wakifika Baraza la Ardhi na Nyumba mkataba wao haupokelewi kama ushahidi mpaka ulipiwe.

Dalali alipwe baada ya wewe kusaini na kushika funguo, si kabla. Na jiridhishe kwamba anayesaini ndiye mwenye nyumba: jina lake, jina lililo kwenye LUKU, hati au karatasi ya mauziano, na neno la mwenyekiti, vyote viende pamoja. Kama anayesaini ni ndugu au msimamizi, uione barua ya kumpa mamlaka.

Umeme, hakikisha mita ni yako peke yako. Mita ya pamoja ina ubaya wa zaidi ya ugomvi: bei nafuu ya TANESCO ni ya mteja anayetumia wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi, na kaya mbili kwenye mita moja zinapita hapo bila kujijua. Hiyo hita ya kuogea ya Julai nayo inakula uniti nyingi, lakini huwezi kuikwepa. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU. Anayedaiwa ni mwenye jengo, kwa hiyo mkubaliane kwenye mkataba jinsi atakavyokurudishia unachokatwa.

Ninachokushauri ni upande basi Ijumaa, ulale nyumba ya wageni yoyote ya karibu na Sakina au Sanawari, uione fleti Jumamosi mchana, urudi usiku, urudi tena Jumapili asubuhi, na Jumatatu upeleke chupa ya maji maabara kabla ya kurudi Dar. Kama huwezi kusafiri, tuma ndugu unayemwamini, umpe ujumbe huu asome. Mwenye nyumba akikubali shilingi, akakuruhusu kupima maji na akaandika kile kipengele cha siku 30, lipa. Utakuwa umepata mtu wa kufanya naye kazi. Akigoma yote matatu, mwache. Angalia Sekei, ambako bado kuna miti na unaweza hata kutembea hadi mjini, au Njiro, ambako ni mbali zaidi ila njia kuu ni ya lami. Majibu ya maabara yakitoka, nitumie ule mstari wa floraidi, nitakwambia kama maji hayo mtoto anaweza kunywa au ni ya kufulia tu.